Mshahara, Posho na Marupurupu: Tofauti za Kimaeneo katika Malipo ya Wateknolojia wa Mionzi nchini Uganda na Nchi Jirani

1.0 Utangulizi

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010 na kuwafungulia wafanyakazi njia ya kutafuta ajira nje ya mipaka ya nchi zao. Mteknolojia wa mionzi, yaani mtaalamu anayepiga picha za uchunguzi wa kitabibu, ni miongoni mwa wanaolengwa na fursa hiyo. Swali lake la kwanza huwa ni kiasi atakacholipwa, na jibu hutegemea sana mahali atakapopangiwa kazi. Makala haya yanaeleza jinsi mahali pa kazi panavyobadilisha malipo hayo, na kubainisha kuwa ulinganisho baina ya nchi hupotoka pale istilahi zinapokosa maana moja.

2.0 Mahali pa Kazi na Malipo Rasmi

Nchini Uganda, mshahara wa msingi wa mtumishi wa umma hufuata ngazi za kitaifa. Tofauti ya kimaeneo hutokana na mpango ulioanzishwa mwaka 2010, unaowapa watumishi wa maeneo yasiyofikika kwa urahisi, kama vile Karamoja, nyongeza ya asilimia 30 ya mshahara wa msingi. Hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi hujipangia viwango vyake.

Nchini Kenya, mahali pa kazi huathiri malipo kwa njia mbili zinazokinzana. Marupurupu ya nyumba huwa makubwa zaidi Nairobi, kwa sababu ya kodi za huko, ilhali marupurupu ya mazingira magumu hutolewa katika kaunti kama Turkana na Mandera. Tangu ugatuzi uanze kutekelezwa mwaka 2013, wahudumu wengi wa afya wameajiriwa na serikali za kaunti, huku viwango vikiratibiwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu.

Nchini Tanzania, ngazi za TGHS, ambazo ni za watumishi wa afya serikalini, hutumika kote Tanzania Bara. Mshahara wa msingi wa mteknolojia aliyeko Kigoma, kwa hiyo, ni sawa na wa mwenzake wa daraja hilohilo aliyeko Dar es Salaam.

3.0 Malipo Yasiyoonekana Katika Hati ya Mshahara

Mjini kuna vituo binafsi vya uchunguzi ambamo mteknolojia anaweza kufanya kazi za ziada jioni. Kijijini huenda mashine ikawa moja tu, tena mbovu. Tuchukue mfano wa kubuni: ikiwa mshahara wa msingi ni 100, nyongeza ya asilimia 30 humfikisha mtumishi wa pembezoni kwenye 130. Mwenzake wa mjini anayepata 40 kutokana na kazi za jioni hufikia 140. Kwa hali hiyo, nyongeza inayoonekana kubwa kwenye waraka haimvuti mtu kwenda pembezoni, na mgonjwa wa huko hubaki akisafiri mbali kufuata picha moja ya kifua.

4.0 Tatizo la Istilahi

Neno posho lilimaanisha chakula walichogawiwa wapagazi wa misafara. Tanzania limepanuka maana na kuwa malipo ya nyongeza. Uganda limebaki mezani: posho ni ugali wa mahindi. Kenya, malipo yaleyale huitwa marupurupu, neno ambalo Tanzania hudokeza pia manufaa ya cheo. Jina la kada nalo lina utata. Mionzi haihusiki na ultrasaundi wala MRI, ambazo hutumia mawimbi ya sauti na sumaku. Hivyo posho ya hatari ya mionzi ikifungamanishwa na jina la kada, huweza kumfikia asiyekabiliwa na hatari hiyo.

5.0 Hitimisho

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Kadiri nyaraka za ajira zitakavyoandikwa kwa lugha hii, ndivyo haja ya kusanifisha istilahi itakavyoongezeka. Inapendekezwa kwamba ulinganisho wowote wa malipo utenganishe mambo matatu: mshahara wa msingi, nyongeza ya mahali, na kipato cha kazi za ziada. Jumla isiyochambuliwa hivyo haimwelezi mtunga sera kwa nini chumba cha eksirei cha pembezoni kimefungwa.