Je, Wajua? Kiungulia cha miaka hubadili umio

Tindikali ya tumboni ikipanda mara kwa mara kwa miaka, utando wa sehemu ya chini ya umio huweza kugeuka ukafanana na wa utumbo. Hali hii huitwa umio wa Barrett, kwa jina la Norman Barrett, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyeandika juu yake mwaka 1950. Wengi walio nayo hawapati saratani kamwe. Wachache hupata, hasa wanaume wanene wanaovuta sigara.

Afrika Mashariki saratani ya umio iliyoenea ni ya aina nyingine, isiyotokana na kiungulia. Sigara na pombe huichochea, na vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi hushukiwa pia. Lakini dalili ya saratani zote mbili ni ileile: ukianza kuhitaji maji ili tonge la ugali lishuke, usijitulize kwa vidonge vya dukani. Omba kipimo cha kamera cha umio, mapema.