Ng'ombe Mmoja kwa Mtunzaji Mmoja

Hesabu ya kumtunza mzee huko Kaptagat huanzia zizini. Mapema mwaka 2024 serikali ilitangaza kwamba kampuni ya maziwa ya New KCC ingewalipa wafugaji shilingi 50 kwa lita ya maziwa. Ng'ombe wa gredi anayetoa lita kumi za kuuza kwa siku huleta shilingi 500, yaani 15,000 kwa mwezi, kabla ya kulipia chakula cha dukani, chumvi, dawa ya kupe na mtu wa kukamua. Kinachosalia kinakaribia mshahara wa mtu mmoja wa kukaa na kogo aliyelala kitandani. Ng'ombe akikauka, au akiugua kiwele, kogo naye hukosa mtu.

Kogo ni nyanya kwa Wakalenjin, na katika maboma yaliyotapakaa kando ya barabara itokayo Eldoret kupitia Naiberi kuelekea Nyaru na Eldama Ravine, kogo wengi wanazidi kuishi muda mrefu kuliko mipango waliyowekewa. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na kati yao watu kama milioni 2.7 walikuwa wametimiza miaka 60 au zaidi. Ulimwengu unaijua Kaptagat kwa sababu ya kambi anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang. Hewa nyepesi ya huko juu, karibu mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, inawafaa wakimbiaji. Kwa aliyepooza upande mmoja, mwinuko huo maana yake ni usiku wa baridi kali, blanketi la tatu, kuni zaidi, na maji ya kuoga ambayo lazima yachemshwe kila siku.

Biashara ya kuwatunza wazee nyumbani ipo hapa, ingawa haina kibao barabarani. Ukiuliza ni nani anayeifanya, utaonyeshwa mjane wa boma la pili, msichana aliyeletwa na ofisi ya wafanyakazi wa nyumbani mjini Eldoret, au muuguzi aliyestaafu anayepita mara mbili kwa wiki kusafisha kidonda na kubadilisha mrija wa mkojo. Kila mmoja ana bei yake, na bei hiyo hutegemea zaidi kujuana kuliko kazi yenyewe.

Sheria, kwa upande wake, ina hesabu yake. Wiki ina saa 168. Amri ya jumla ya mishahara nchini Kenya inaweka wiki ya kawaida ya kazi kuwa saa 52 katika siku sita, na Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, pamoja na likizo isiyopungua siku 21 kwa mwaka. Gawanya 168 kwa 52 utapata watu watatu na ushei. Baada ya nyongeza ya 6% iliyoanza Novemba 2024, kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kilifika shilingi 16,113.75, na nje ya miji na manispaa, kama ilivyo sehemu kubwa ya Kaptagat, kilifika karibu 8,600 bila posho ya nyumba. Mara tatu ni 25,800. Juu yake mwajiri aweke mchango wake wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambao ni 6%, na ushuru wa nyumba wa 1.5%.

Boma linaloweza kutoa pesa hizo kila mwezi ni la kutafutwa. Kwa hiyo familia humwajiri mtu mmoja, humpa kitanda katika chumba hicho hicho cha mgonjwa, na kuita hiyo kazi ya kulala ndani.

Kulala kwenyewe ni kwa jina tu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi ya makalio na visigino huanza kuwa nyekundu, kisha nyeusi, kisha hufunguka. Kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni mara tano. Kila mara mtunzaji huamka, hutandua, hupenyeza mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, huvuta shuka iliyokunjwa katikati ya kitanda, hukagua pampasi, huweka mto kati ya magoti na kufunika tena kabla ubaridi haujaingia. Alfajiri anawasha moto na kukoroga uji. Mwajiri anapouliza kwa nini dada wa kazi amesinzia mchana jikoni, jibu liko katika hizo mara tano.

Pampasi nazo zina hesabu yake. Mgonjwa anayetumia tatu kwa siku humaliza pakiti ya kumi kwa siku tatu tu na ushei, hivyo mwezi mmoja unataka pakiti tisa. Maduka ya vifaa vya hospitali mjini Eldoret, ambako wagonjwa hutoka hospitali ya rufaa ya MTRH, huuza pia magodoro ya hewa, viti vya choo na viti vya magurudumu. Hapo ndipo familia nyingi hukutana na bajeti kwa mara ya kwanza: mgonjwa ameruhusiwa, yuko garini, na orodha ya daktari iko mkononi. Kupanga kwa haraka namna hiyo ni ghali. Aliyeanza kuuliza bei mzee angali anatembea kwa mkongojo hupata nafasi ya kutafuta kitanda kilichotumika, au kuazima kwa jirani aliyefiwa.

Serikali inasaidia wapi? Mpango wa Inua Jamii humpa mzee aliyetimiza miaka 70 na kusajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo hazifiki robo ya kima cha chini cha mtu mmoja kijijini, na mara kadhaa zimekuja kwa kuchelewa, zikiwa limbikizo la miezi. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya jamii chini ya SHA imechukua nafasi ya NHIF: aliyeajiriwa hukatwa 2.75% ya mshahara, na asiye na ajira rasmi hulipa kwa mwaka mzima kiasi kinachotokana na tathmini ya kipato, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Ni muhimu mzee awe amelipiwa, kwa maana kulazwa mara moja kunaweza kumaliza zizi zima. Lakini bima hiyo hulipa hospitali. Mshahara wa anayekesha nyumbani haumo.

Wapo pia wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini, waliozinduliwa Septemba 2023 na kupewa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kaunti. Mhamasishaji akipita, kogo hupimwa na namba huingizwa kwenye simu. Kumwogesha na kumlisha si kazi yake, na kwa posho hiyo hakuna wa kumlaumu.

Basi nani hulipa? Mara nyingi ni mtoto aliye mbali, na hapa ndipo biashara hii inapojipinda. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani dola bilioni 4.9 na ushei, zaidi ya nusu kutoka Marekani, ambako kuwatunza wazee ni mojawapo ya kazi za kwanza ambazo Mkenya mgeni huzipata. Binti anaweza kumgeuza mgonjwa wa watu Minnesota saa tisa usiku, kisha, akiwa mapumzikoni, amtumie pesa kwa M-Pesa mtu wa kumgeuza mama yake.

Mafunzo nayo yameelekea huko huko. Vyuo vya mijini hufundisha kozi fupi za utunzaji, na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutahini na kutoa vyeti, lakini macho ya wanafunzi yako Riyadh, Berlin au Helsinki. Kaunti ya Uasin Gishu inajua uchungu wa njia hiyo: mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa katika mpango wa kaunti wa kupeleka vijana kusoma Finland na Kanada, na baadhi yao walikuwa wameuza ng'ombe na mashamba. Milango yenyewe hufunguka na kufungwa. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa wafanyakazi Septemba 2024. Uingereza ikafunga kuajiri watunzaji wapya kutoka nje Julai 2025. Kaptagat inabaki na wale ambao hawajaondoka, na wengi wao hawajawahi kuonyeshwa namna ya kumnyanyua mtu bila kuumia mgongo.

Familia zinazoendelea vizuri, kwa kadiri inavyoonekana, zina mweka hazina mmoja. Kundi la WhatsApp la ndugu sita huchangamka miezi mitatu ya kwanza, kisha mmoja anasema ada za shule zimembana, mwingine anasoma ujumbe bila kujibu. Walioweka akaunti ya pembeni sakoni, mchango unaokatwa wenyewe kila tarehe tano, na akiba ya mishahara ya miezi mitatu, hawamwachii mtunzaji kuomba haki yake kama msaada. Kwa walio kwenye ajira kuna njia nyingine: tangu mwisho wa 2024 sheria ya kodi inaruhusu mfanyakazi kuondoa kwenye kipato kinachotozwa hadi shilingi 15,000 kwa mwezi anazoweka katika mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu. Njia hiyo itamfaa mwalimu wa leo, si kogo wa leo, ambaye pensheni yake ilikuwa shamba, na shamba lenyewe huenda bado lina hati kwa jina la marehemu mumewe.

Inafika Jumapili. Dada amevaa vizuri, anakwenda kanisani kisha kwao, na sheria iko upande wake. Kwenye bajeti ya ndugu sita kuna mshahara, pampasi, dawa za presha, mkaa na maziwa ya mursik. Hakuna mstari wa Jumapili. Siku hiyo mke wa kitinda mimba, yule aliyejenga hatua hamsini kutoka kwa mama mkwe, huvuka ua na beseni la maji moto mkononi, anakunja mikono ya sweta na kuanza na miguu.