Je, Wajua? Kanombe Iko Chini ya Nani

Je, wajua kwamba ndege ikitua Kigali huwa imetua Kanombe? Uwanja wa kimataifa uko huku, mashariki ya jiji, katika Wilaya ya Kicukiro, na wengi huuita tu kwa jina la mtaa. Hata hivyo, ofisi za mtaa hazina amri juu ya njia ya kurukia ndege. Hiyo ni kazi ya serikali kuu, kama ilivyo Hospitali ya Kijeshi, na kama ilivyo nyumba ya zamani ya Juvénal Habyarimana, aliyekuwa Rais wa Rwanda, ambayo leo ni jumba la makumbusho ya sanaa. Jirani wa majengo hayo mwenye shida ya kila siku huanzia kwa kiongozi wa umudugudu wake, yaani kijiji chake.

Umudugudu ndiyo ngazi ya chini kabisa. Juu yake kuna akagari (seli), kisha umurenge (sekta; kwa wingi imirenge), wilaya, na mkoa au Jiji la Kigali. Mpangilio huu ulianza Januari 2006. Mikoa 12, Kigali ikiwemo, ikawa minne na Jiji. Wilaya zikashuka kutoka 106 hadi 30. Imirenge ni 416, na Kanombe ni mmojawapo.

Je, wajua kwamba kiongozi wa umudugudu huchaguliwa bila karatasi ya kura? Wakazi hujipanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka, kisha wanahesabiwa mbele ya wote. Hana mshahara. Lakini ndiye anayejua nani amehamia, nani mgonjwa, na ndiye anayewakusanya watu kwa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Kwangu mimi, hakuna ngazi inayobeba mzigo mzito zaidi kwa malipo madogo zaidi. Katibu mtendaji wa akagari na wa umurenge, ambaye watu humwita gitifu, ni mtumishi mwenye mshahara.

Je, wajua kwamba Kicukiro haina meya? Sheria ya Jiji la Kigali ya Julai 2019 iliziondolea wilaya zake tatu, Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge, hadhi ya kujitegemea kisheria. Bajeti na maamuzi makubwa yakahamia kwenye Jiji, na wilaya zikapewa watendaji wa kuteuliwa. Ukitoka Kigali kuelekea kusini ukaingia Bugesera, utakuta wilaya yenye meya wake na baraza lake. Wakenya watashangaa kidogo: kwao majukumu ya kaunti 47 yameorodheshwa katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na sheria ya kawaida ya Bunge haiwezi kuzifuta kaunti hizo. Rwanda ni dola moja isiyo ya shirikisho. Bunge likitunga sheria mpya, mipaka ya madaraka inasogea.

Suala la nani ana madaraka si la makaratasi tu. Zamani ngazi ya wilaya iliitwa komine, na kiongozi wake, bugumestre, aliteuliwa na Rais. Mwaka 1994 mnyororo huo wa amri, kuanzia kwa mkuu wa mkoa hadi mtaani, ulitumika kutekeleza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Sera ya kugatua madaraka ya mwaka 2000 ilikusudia, pamoja na mengine, kumfanya kiongozi wa chini awajibike kwa wakazi.

Je, wajua kwamba ndoa ya kiserikali hufungwa kwenye ofisi ya umurenge, kwa kawaida siku ya Alhamisi? Maharusi hushika bendera ya taifa kwa mkono wa kushoto, huinua wa kuume, na kula kiapo mbele ya gitifu.

Na kodi ya majengo? Ni mapato ya serikali za mitaa, ila anayeikusanya ni Mamlaka ya Mapato ya taifa.

Cheti cha kuzaliwa kimeshuka ngazi. Zamani mzazi alilazimika kufunga safari hadi kwenye umurenge, na wengi walichelewa. Tangu sheria ya 2020, mtoto aliyezaliwa hospitalini huandikishwa hapo hapo. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa na gitifu wa akagari.