Masafa ya kupokezana yana bei yake

Mwaka 2020 John Deere, kampuni ya matrekta, iliingia kwenye mnada wa masafa ya redio nchini Marekani, ikatoa takriban dola 546,000 na kuondoka na leseni za kaunti tano katika majimbo ya Illinois na Iowa, viliko viwanda vyake. Haikuwa na haja ya kuuza muda wa maongezi. Ilitaka mtandao wake yenyewe wa kuunganisha mitambo. Katika minada iliyozoeleka, ambako makampuni ya simu hugombea maeneo makubwa kwa mabilioni, isingefua dafu.

Masafa hayo, kati ya megahezi 3,550 na 3,700, yana mwenyewe: rada za jeshi la majini. Lakini manowari hazipo kila pwani kila saa. Ndiyo maana mwaka 2015 tume ya mawasiliano, FCC, iliweka kanuni za kupokezana kwa ngazi tatu. Juu ni jeshi. Katikati ni walionunua leseni za kipaumbele, ambazo baadaye zilifanywa za miaka kumi. Chini ni yeyote mwenye kifaa kilichoidhinishwa, na huyo halipii masafa hata senti.

Kazi ngumu ni kupisha. Vinasa mawimbi vilivyowekwa pwani huisikiliza rada. Ikisikika, taarifa hufika kwenye mfumo wa kompyuta unaogawa masafa, ambao huendeshwa na kampuni kama Google na Federated Wireless. Mfumo una sekunde 300 kuhakikisha kila mtambo unaohusika umenyamaza au umehamia masafa mengine. Kwa mwenye kiwanda karibu na pwani, dakika hizo tano zina uzito mkubwa: akipewa pa kuhamia, vifaa vyake vitaunganishwa upya; akikosa, kazi inasimama.

Soko limeweka bei juu ya mashaka hayo. Mnada wa 2020 uliuza megahezi 70 kwa takriban dola bilioni 4.6. Miezi michache baadaye megahezi 280 za jirani, ambazo kampuni za setilaiti zililipwa ili zihame moja kwa moja, ziliingiza zaidi ya dola bilioni 81. Kwa kila megahezi, hiyo ni zaidi ya mara nne. Sehemu ya tofauti inatokana na nguvu ndogo inayoruhusiwa kwenye masafa ya kupokezana, lakini hofu ya kuamriwa kuhama nayo imo. Na bado watu walitoa bilioni 4.6 ilhali ngazi ya bure ipo palepale. Walinunua nafasi ya mbele kwenye foleni.

Afrika Mashariki ilianza mapema. Mwaka 2013 Microsoft na washirika wake walijaribu masafa ya televisheni yasiyotumika huko Nanyuki, Kenya, na mradi wa namna hiyo ukatangazwa Tanzania kwa ushirikiano na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, na mtoa huduma wa intaneti UhuruOne. Mawimbi hayo hufika mbali na hupenya miti, sifa ambazo vijiji vinazihitaji hasa. Lakini simu ya kawaida haiyapokei, ilhali yale ya Marekani yalikuwa ndani ya iPhone 11 tangu 2019. Tena anayetumia nafasi hizo za televisheni huipisha televisheni na pia huvumilia kelele za watumiaji wenzake. Hana ngazi ya katikati ya kununua. Kenya ina kaunti 47. Leseni ya kipaumbele ya kaunti moja, kwa bei ambayo mtoa huduma mdogo anaimudu, ingempa kitu cha kumwonyesha afisa mikopo wa benki.