Kampuni za filamu zinapoungana, nani atazilea hadithi za anga?

Filamu za Marekani huingia Sumbawanga kwa milango mitatu: king'amuzi, simu ya mkononi, na flashi inayojazwa dukani. Mlango wa tatu ndio mpana kuliko yote. Filamu inayopita hapo huwa imekwisha kupitia mikononi mwa mfasiri, aliyeweka sauti yake juu ya sauti za waigizaji, akaongeza mzaha na majina ya mitaa. Kazi hiyo ilijengewa jina Dar es Salaam na watu kama Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, na leo vijana wa Ufipa huijua filamu kwa jina la mfasiri kabla ya jina la kampuni. Kasha lililoandikwa daraja la umri hubaki huko lilikotoka.

Ndipo mzee mmoja wa jamaa zetu, aliyekuwa na mjukuu wa miaka tisa, aliponisimamisha baada ya Swala ya Isha. “Ustadhi,” akasema, “mtoto ananiambia hii ni filamu ya Disney. Si ndiyo kampuni ya katuni za watoto?” Filamu yenyewe ilikuwa Alien: Romulus ya mwaka 2024. Nilimjibu kwamba mtoto hakusema uongo, na kwamba pamoja na ukweli wake filamu ile haimfai. Mzee alistaajabu, na alikuwa na haki ya kustaajabu.

Jibu la fumbo hilo limo katika biashara, wala halimo katika sanaa. Tarehe 20 Machi 2019 kampuni ya Disney ilikamilisha ununuzi wa sehemu kubwa ya kampuni ya 21st Century Fox kwa takriban dola bilioni 71. Katika mzigo ule zilikuwamo silsila za bunilizi za kisayansi zilizokwisha kukomaa: Planet of the Apes iliyoanza mwaka 1968, Alien ya 1979, Predator ya 1987 na Avatar ya 2009. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Disney ilikwisha kuinunua Lucasfilm, mwenye Star Wars, kwa dola bilioni 4 na ushei. Hivyo nyumba iliyojulikana kwa wanyama wanaoimba ikawa pia mlezi wa zimwi linalopasua kifua cha mwanadamu. Jina la Disney, ambalo wazazi wengi tulilichukua kama muhuri wa usalama, halina tena kazi hiyo.

Muungano huufanyia nini mfululizo wa hadithi ambao tayari una miaka arobaini au hamsini? Jambo la kwanza ni deni. Aliyenunua kwa mabilioni anataka fedha zake zirudi, na hadithi ya zamani yenye wapenzi waliokwisha kuzoea ni shamba lenye rutuba kuliko hadithi mpya isiyojulikana. Kwa hiyo hulimwa kila msimu. Baada ya kununuliwa, Star Wars ilitoa filamu tano kati ya 2015 na 2019, na riwaya zake za zamani zikatangazwa mwaka 2014 kuwa nje ya historia rasmi ya hadithi hiyo, ili waandishi wapya wasibanwe nazo. Kisha shamba likachoka: tangu Desemba 2019 hadi mwisho wa 2025 hakuna filamu hata moja ya Star Wars iliyoingia katika kumbi, ingawa tamthilia za mtandaoni ziliendelea kumiminika.

Jambo la pili linatugusa sisi wazazi moja kwa moja, nalo ni umri. Filamu za Predator tangu mwanzo zilikuwa za watu wazima, isipokuwa moja ya mwaka 2004 iliyomkutanisha mnyama huyo na Alien. Novemba 2025 ilitoka Predator: Badlands, nayo ikapewa Marekani daraja linalomruhusu mtoto wa miaka 13. Haina wanadamu, kwa hiyo haina damu nyekundu. Viumbe na mashine hukatwa vipande, lakini kinachomwagika kina rangi nyingine. Mwenye kampuni amepata watazamaji wengi zaidi bila kuacha kuchinja. Mimi sioni kwamba kubadili rangi ya damu ni malezi. Lakini aliye na kijana wa miaka kumi na mitano nyumbani na ajue kwamba filamu mbili zenye jina moja la Predator, zikiwa zimepangwa pamoja katika flashi moja, zinaweza kuwa na daraja mbili zilizo mbalimbali kabisa. Hapa kwetu Bodi ya Filamu, iliyo chini ya Sheria Na. 4 ya 1976 ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, ndiyo yenye kazi ya kukagua na kupanga madaraja. Flashi ya dukani haipiti mezani kwake.

Wazee wa Ufipa wanayo simulizi inayofanana na haya. Husimuliwa kwamba mtawala wa Milanzi alipokuwa hayupo nyumbani, walifika wanawake watatu wageni wakakikalia kiti chake. Aliporudi, utawala wa nchi ulikuwa umekwisha kuhamia kwao, na kizazi chao ndicho kilichokuja kuwa watawala wa ukoo wa Twa. Milanzi haikufutwa, iliachiwa kijiji chake na heshima ya kutangulia katika mambo ya jadi. Ndivyo ilivyo kwa George Lucas na wengineo: jina lao limebaki mwanzoni mwa filamu, na kiti kimekaliwa na mwingine.

Star Trek imeonja mambo haya mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1966, na huyo Luteni Uhura wa chomboni jina lake limetokana na neno letu “uhuru.” Mwaka uliofuata studio iliyoitengeneza, Desilu, ikanunuliwa na wenye Paramount. Kampuni mama ya Viacom ilipogawanyika mwanzoni mwa 2006, mirathi ikagawanywa pia: tamthilia zikaenda CBS, filamu za ukumbini zikabaki Paramount, na kwa karibu miaka kumi na minne hadithi moja ikawa na walezi wawili. Waliungana tena Desemba 2019. Agosti 2025 wakachukuliwa na Skydance katika mkataba wa takriban dola bilioni 8. Katika misukosuko hiyo, filamu ya mwisho ya Star Trek kuingia kumbini ilikuwa ya Julai 2016.

Yapo na yaliyo machungu zaidi. Star Trek: Prodigy ilikuwa katuni iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto na wazazi wao kutazama pamoja, na ni miongoni mwa vichache katika silsila hizi ambavyo ningependekeza bila kusita. Juni 2023 wenye mali waliifuta, kisha wakaiondoa hata katika huduma yao wenyewe ya mtandaoni ya Paramount+, kwa sababu za hesabu na kodi. Mtoto aliyekuwa katikati ya hadithi alikuta mlango umefungwa. Baadaye Netflix iliichukua, na sehemu ya pili ikaonekana Julai 2024. Nyingine hazikupata mwokozi. WarnerMedia ilipoungana na Discovery Aprili 2022, miezi minne haikuisha kabla filamu ya Batgirl, iliyokuwa imekaribia kukamilika, haijafungiwa kabatini moja kwa moja ili hasara yake ipunguze kodi. Waongozaji wake, Adil El Arbi na Bilall Fallah, ni Wabelgiji wenye asili ya Morocco. Habari iliwafikia wakiwa huko Morocco, katika harusi ya Adil.

Si kila muungano huua. Stargate haikuwa na tamthilia ya televisheni tangu 2011, baada ya mmiliki wake, MGM, kuelemewa na madeni hadi kufikia mufilisi. Amazon iliinunua MGM mwaka 2022 kwa dola bilioni 8.45, na Novemba 2025 ikatangaza kuandaa tamthilia mpya ya Stargate. Tajiri mwenye subira anaweza kumfaa yatima. Shida ni kwamba subira haiandikwi katika mkataba.

Wimbi hili limekwisha kufika hata kwenye ving'amuzi vyetu. Septemba 2025 kampuni ya Ufaransa, Canal+, ilikamilisha kuichukua MultiChoice, mwenye DStv. Kabla mwaka haujaisha wateja waliarifiwa kwamba chaneli za Warner Bros. Discovery, zikiwamo CNN na Cartoon Network, huenda zikaondoka baada ya Desemba 31, kwa kuwa mkataba ulikuwa unakwisha. Makubaliano yalipatikana siku ya mwisho. Familia iliyolipia kifurushi kwa ajili ya watoto wake haikuwa na kauli yoyote katika mazungumzo hayo.

Nimalizie na lililo karibu nasi zaidi. Julai 2023 Disney+ ilitoa mkusanyiko wa filamu fupi kumi za katuni za kisayansi zilizotungwa na Waafrika, ukaitwa kwa Kiswahili Kizazi Moto. Miongoni mwa waongozaji wake ni Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda, ambaye filamu yake, Herderboy, inamhusu kijana anayetaka kuwa mchungaji katika Uganda ya siku zijazo. Mtoto wa mfugaji wa bonde la Rukwa angeielewa bila mfasiri. Lakini Disney+ ilifunguliwa Afrika Kusini mwaka 2022, na kwetu Tanzania haikufunguliwa. Mkusanyiko wenye jina la lugha yetu umewekwa katika ghala ambalo hatuna mlango wake, na mwenye ghala anaweza siku moja kuufanyia lile lililofanyiwa Prodigy.

Katika kamati yetu ya msikiti tumekubaliana jambo dogo. Kila wiki kijana mmoja mwenye intaneti ataandika, kwenye ubao ulio kando ya mahali pa kutawadhia, majina ya filamu zinazovuma katika maduka ya mjini, mwaka wa kila moja na daraja la umri lililopewa kule ilikotoka. Nembo ya kampuni haitaandikwa. Mzee yule ameomba herufi ziwe kubwa, maana miwani yake huiacha nyumbani.