Masanduku ya Kibera Yafunguliwe

Ukimwuliza Mnubi mzee wa Kibera asili ya jina hilo, atakwambia "kibra" ni msitu. Mababu zake walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Mwingereza, nao wakapewa msitu ule wakae. Ushahidi wao umo sandukuni: picha za harusi, vyeti vya jeshi, barua kuukuu.

Hayo si mapambo. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewadhulumu watoto wa Kinubi katika jambo la uraia. Na hati ya ardhi ya ekari 288 haikutolewa hadi 2017. Anayetakiwa kuthibitisha kwao huijua thamani ya karatasi. Nasi tuliosoma chuoni huko pwani twajua mchwa hachagui: hula msahafu na daftari la deni pamoja.

Mwaka 2019 Makumbusho ya Taifa yalishirikiana na Google kuonyesha utamaduni wa makabila ya Kenya katika intaneti. Vyema. Lakini maktaba ya umma ya Kibera ndiyo jirani wa masanduku. Makumbusho yalete mashine na fundi, maktaba itoe meza. Karatasi inakiliwe mbele ya mwenyewe, naye arudi nayo nyumbani siku ile ile. Mkusanyaji asemaye "niachie, nitakurudishia," mimi simwamini.

Kawangware nako, kulikopewa jina la kwale, hazina ya wazee wengi i mdomoni. Sauti zao zirekodiwe, na jina la kila msemaji liandikwe.