Mashine ya Kuni Yatiwa Mota ya Umeme

Viwanda vingi vya chai katika nchi zetu hukausha majani kwa joto la kuni. Boila haishibi, na gogo nene la mkaratusi haliungui vizuri mpaka lipasuliwe. Katika kiwanda kimoja cha magharibi ya Uganda, ambako tuna wanachama, kazi hiyo ilifanywa na mashine ya petroli. Injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta ndani ya silinda, na silinda hulisukuma gogo kwenye kabari.

Wenzetu wa banda la kuni waliilalamikia injini hiyo muda mrefu. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na siku za mvua mashine ilipoingizwa bandani watu walitoka vichwa vikiwagonga. Kwa makelele yake walikuwa wakiitana kwa kutupiana vibanzi. Kwa hiyo menejimenti ilipotangaza kwamba itafungwa mota ya umeme, sisi wa chama tulipiga makofi. Tulipiga mapema mno.

Mafundi walitoa injini ya nguvu za farasi 10 wakaweka mota ya farasi 5. Hapo hapakuwa na udanganyifu. Injini ya petroli hutajwa kwa nguvu yake ya juu kabisa, lakini mota hushika mzigo wake mfululizo, na kwa muda mfupi huweza hata kuzidishiwa. Tena waliijaribu kabla ya kuiunganisha na pampu, wakaona inazunguka kinyume, wakabadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu za fezi. Pampu ikizungushwa kinyume huharibika upesi.

Lakini injini ilizunguka mara 3,600 kwa dakika, na mota hiyo huzunguka 1,450 tu. Nguvu ya kusukuma haikupungua: silinda ya inchi 4, yenye shinikizo la ratili 2,500 kwa kila inchi ya mraba, hutoa tani 14 hivi, iende mbio au polepole. Kilichopungua ni mwendo. Safari iliyochukua sekunde 10 ikawa sekunde 25. Malundo ya zamu hayakupunguzwa hata moja.

Basi wenzetu wakatafuta njia. Mkono wa valvu hurudi wenyewe ukiuachia, na mashine husimama. Wao waliufunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli, ili gogo likisukumwa polepole mikono yao iwe huru kuvuta jingine. Hatuwasifu kwa hilo, wala hatuwezi kuwalaumu sana, maana asiyefikisha malundo hukatwa mshahara.

Alasiri moja umeme ulikatika, gogo limekwama. Injini ya petroli ikizimika hubaki hivyo mpaka mtu avute kamba. Mota hii ilikuwa na swichi ya kawaida, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Mwenzetu akaingiza mkono kutoa kibanzi. Umeme ukarudi. Aliuchomoa mkono, glavu ikabaki chini ya gogo.

Kesho yake banda zima lilikataa kuwasha mashine, tukaitwa. Tulidai stata yenye kontakta: umeme ukikatika huachia, na ukirudi mota haiwaki mpaka mtu abonyeze kitufe. Tulidai kitufe chekundu cha kuzimia mahali mpasuaji anapofikia, na waya wa ardhini kwenye mwili wa mashine, kwa kuwa sakafu ile hulowa. Yote yalifungwa wiki hiyo hiyo. Utepe wa mpira tuliuondoa sisi wenyewe.

Yaliyobaki ni malundo. Tulikaa na saa zamu nzima, tukahesabu safari moja moja, karatasi tukaiweka mezani. Menejimenti inasema itatafuta pampu kubwa zaidi. Tumewajibu kwa maandishi kwamba pampu kubwa itataka mota kubwa, na mpaka siku vitakapofungwa vyote viwili, kipimo kishushwe.